Kamba ya Baba na Chuma Kisichotanuka

Kwetu Mbulumbulu chuma hakiaminiwi. Usidhani ni ujinga. Watu wameishi chini ya mabati miaka yote, na mabati yana mdomo: jua likipanda, paa zima huanza kulia ta, ta, ta, utadhani mtu anatembea juu yako, na jioni baridi ya msitu wa Ngorongoro ikishuka, yanalia tena yakirudi yalikotoka. Seng'enge ya zizini hulegea mchana, alfajiri inakaza. Geti la chuma la kanisa letu asubuhi unalifungua kwa kidole, mchana unalisukuma kwa bega. Kwa hiyo mzee wa kwetu akisema chuma ni kigeugeu, hajakosea. Anakosea pale anapoendelea na kusema kwamba kamba siyo.

Kosa hilo nusura linivunjie jiko. Nalisimulia hapa kama lilivyotokea, na kama kuna ndugu yangu atakayesoma akakunja uso, akunje.

Katika ukoo wetu shamba hugawanywa kwa kamba ya mwenye shamba. Si kamba yoyote. Ni ile aliyoisokota mwenyewe kwa nyuzi za mikonge ya mpaka wake, na akishazeeka huitundika darini juu ya moshi hadi siku ya kuwagawia watoto. Urefu wake haulingani na wa kamba ya jirani, wala hauna haja ya kulingana, mradi watoto wote wapimiwe kwa hiyo hiyo moja. Ukishapimiwa, umepimiwa. Kamba ya mzee haijadiliwi, wanasema, na mimi nilikua nikilisikia neno hilo karibu kila walipozungumzia mashamba.

Tulizaliwa watatu. Kaka yangu mkubwa ni mkulima wa ngano na maharage, mtu wa maneno machache. Mimi ni wa katikati. Mdogo wetu, kitinda mimba, ni dereva wa watalii mjini Karatu, mcheshi, kila mtu anampenda, na mimi nampenda, jambo linalofanya habari hii iwe ngumu kidogo kuisimulia. Shamba la baba linaanzia barabarani na kuishia ukingoni, pale ardhi inapokatika na kuporomoka hadi Bonde la Ufa. Baba alisema atagawa kwa upana, kamba nne kwa kila mtoto: kaka kwanza kuanzia barabarani, kisha mdogo wangu, kisha mimi upande wa ukingo. Mabaki yoyote kati ya kipande changu na ukingo yangekuwa ya kitinda mimba, kama desturi inavyotaka.

Ndipo baba mdogo alipokohoa. Huyu ni mdogo wake baba, na ndiye msemaji wa ukoo. Akikohoa, watu huweka vikombe chini. Alisema shamba la msichana liko kwa mume wake. Baba akasema huyu hana mume. Baba mdogo akasema atapata. Mimi wakati huo nilikuwa chuoni nikisomea upimaji wa ardhi, mbali na nyumbani, nikisimuliwa vita yangu mwenyewe kwa simu. Vipande vya wanaume vilipimwa kiangazi, vumbi likiruka. Changu kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, hadi baba aliposusa vikao vya ukoo na kutangaza kwamba hatakanyaga harusi wala msiba wa mtu yeyote mpaka binti yake apimiwe. Wakapima. Baba akanipigia simu.

"Umepata kamba nne," aliniambia. "Sawa na wao."

Nililia siku ile mbele ya wanachuo wenzangu na sikuona aibu. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko yale maneno matatu ya mwisho.

Baba alifariki kabla sijamaliza kujenga. Nilijenga nyumba ya vyumba viwili na, hatua chache nyuma yake kuelekea ukingoni, jiko la tofali lenye dirisha linalotazama bondeni. Mama akahamia kwangu. Desturi inasema mama hukaa kwa kitinda mimba, lakini kitinda mimba amepanga chumba mjini, na mama alisema hawezi kusonga ugali kwenye korido ya watu. Kigingi cha mwisho cha kipande changu sikuwahi kukiona. Nyasi zilikuwa zimekimeza, na upande ule hakuna aliyepanda mikonge ya mpaka. Sikuhangaika kukitafuta. Nilitazama upana wa kipande cha mdogo wangu, nikalinganisha na changu kwa macho, nikaona jiko liko ndani. Ndiyo, mpimaji wa kusomea alipima kwa macho. Kinyozi hajinyoi.

Mambo yaliharibika mdogo wangu alipomleta mtu wa mahema. Alikuwa mfanyabiashara mwenye kofia pana aliyetaka mahali pa kuweka kempu ndogo ya wageni, na mdogo wangu alikuwa amemwahidi yale mabaki ya ukingoni.

"Dada, hii ni vyuu ya nguvu," aliniambia, mikono kaifungua kama anauza bonde zima. "Mgeni anaamka, anakunywa kahawa, anaona mpaka kule chini. Hapa tumelala maskini juu ya utajiri."

Walianza kufyeka nyasi. Na katika kufyeka wakakikuta kigingi, cha mti wa loliondo usioliwa na mchwa, kimechongwa kwa panga la baba. Kilikuwa kimesimama kati ya mlango wa nyumba yangu na mlango wa jiko langu.

Baba mdogo aliitwa. Alikuja na koti lake la sufu, akakitikisa kigingi kwa mguu, kikagoma. Akalitazama jiko, moshi ukitoka kwa utulivu wake, mama ndani akichambua mchicha.

"Jiko limevuka kamba, mwanangu," alisema. "Utalihamisha."

"Sihamishi, baba mdogo."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Basi nitapika nikichechemea."

Kaka mkubwa alitazama chini. Mdogo wangu, ambaye hapendi ugomvi lakini anapenda kempu, alitoa simu akasema tusipigizane kelele, setilaiti itatuamulia. Alizunguka nayo uani, akaigonga, akaizungusha tena. Simu ilionyesha kwamba mimi, niliyekuwa nimesimama kando ya jiko, niko hewani, mbele kidogo ya ukingo. Mama alicheka hadi akaacha mchicha. Baba mdogo hakucheka. Alisema tutakutana baada ya mavuno, na mavuno yakiisha jiko liwe limehama.

Siku zilizofuata nilipika kwa ukaidi. Nilipika hata visivyohitaji kupikwa. Nilichemsha maji nisiyokuwa na kazi nayo ili moshi uonekane kutoka barabarani. Wakwe wa kaka walipopita na kuuliza kama kweli nimevamia ardhi, niliwakaribisha chai humo humo jikoni. Ningeweza kwenda baraza la ardhi, wengi walinishauri hivyo. Lakini nilitaka kitu ambacho baraza lisingenipa: nilitaka wale wale walioketi kuamua kama mimi ni mtoto wa baba yangu waseme kwa vinywa vyao kwamba nilikuwa mtoto kamili.

Kazi yangu ilinisaidia, ingawa si kwa njia niliyodhani. Niko kwenye kikundi cha wapimaji wanaofuatilia kimo cha ardhi kando ya barabara, kutoka Karatu kupanda hadi kwenye kingo za kreta. Bonde la Ufa halijatulia, na kuna watu wanataka kujua kama ardhi inainuka au inadidimia, kwa tofauti ndogo ambazo jicho halioni. Mmoja anatazama kwenye darubini chini ya mwamvuli, mwingine anashika fimbo ndefu juu ya nguzo ya zege, magari ya watalii yanatupita na kutufunika vumbi. Alfajiri kule juu ukungu unaganda kwenye kope. Tukishuka mchana, makoti yako mabegani na jasho linatiririka. Fimbo ni ile ile.

Fimbo ya chuma cha kawaida ingetudanganya. Ingesinyaa kwa baridi, nasi tungeandika kwamba mlima umekua. Kwa hiyo ndani ya fimbo hizi kuna utepe mwembamba wa inva, na ndio wenye alama tunazosoma. Inva ni chuma kilichochanganywa na nikeli, nikeli ikiwa zaidi kidogo ya theluthi. Ukizidisha nikeli au ukiipunguza, maajabu yanapungua. Hapo hapo penye kipimo chake, joto la kawaida linakuja na kuondoka na utepe unabaki karibu ulivyokuwa. Mkuu wangu wa kazi alinieleza siku moja tukisubiri ukungu uondoke: chembe za metali ile zikipata joto hutaka kuachana kama za chuma chochote, lakini usumaku wake nao hupungua na kuzirudisha zikaribiane. Moja linasukuma, moja linavuta, na mwisho wa ugomvi hakuna aliyesogea. Hubadilika, ndiyo, lakini kidogo sana, kiasi ambacho hata sisi tunakitafuta kwa shida.

Watu wakisikia hivyo hudhani inva ni ngumu kama shoka. Si ngumu. Ni laini, inashika kutu, ukiikunja kona mara moja umeiharibu. Haina ubabe wowote isipokuwa huo mmoja, kwamba haibadilishi neno lake kwa sababu ya hali ya hewa. Niliipenda tangu siku ile. Mimi nalia upesi na naumia upesi, na bado sihamishi jiko.

Ofisini tulikuwa na utepe mrefu wa inva wa zamani, umezungushwa kwenye gurudumu la mbao, wa tangu wakati ardhi ilipimwa kwa mikono. Nilimwomba mkuu wangu aniazime. Alinitazama kama mtu anayeombwa aazime mtoto mchanga. Mwishoni alikubali: usikunjwe, usikanyagwe, ng'ombe wasipite karibu, na urudi umepakwa mafuta. Akanipa pia kipande chake kilichokatika zamani. "Hiki ukikiharibu sitalia," alisema.

Mavuno yalipoisha wakaja. Niliutandaza utepe uani nikiwa na furaha ya kijinga, nikawaeleza kwamba nitapima kipande cha kaka, cha mdogo wangu na changu, na kila mtu ataona kama tuko sawa. Baba mdogo aliinama, akaugusa kwa ukucha.

"Hiki ni chuma?"

"Ni chuma, baba mdogo, lakini hakitanuki."

"Kila chuma hutanuka. Njoo ulale chini ya bati langu mchana usikie. Leo kuna jua. Chuma chako kitasema hivi. Kesho kuna ukungu, kitasema vile. Kamba ya baba yako ilisema neno moja: nne, nne, nne. Unataka tuache kamba tushike bati?"

Wazee waliokuja naye wakatikisa vichwa, na sikuweza kuwalaumu, kwa sababu alichosema kuhusu chuma kilikuwa kweli kwa kila chuma walichowahi kukiona. Nilisema tena kwamba hiki si kama vingine. Nilijisikia nikisema kama muuza dawa za mnadani. Mdogo wangu akamaliza: hakuna kupima kwenye kipande chake kwa chombo ambacho ukoo haukijui. Walinipa muda hadi mvua za vuli ziishe, wasionekane wamemnyanyasa mjane kwa kumbomolea jiko mvua ikinyesha.

Usiwaone wema. Mwenye jiko nilikuwa mimi, na muda wangu ulikuwa unapungua.

Mvua ilipoanza nilirudi kazini, nikishuka nyumbani mwisho wa wiki. Mchana mmoja nilifika nimeloa, mama akanivua koti akalianika karibu na mafiga. Koti likaanza kutoa mvuke.

"Linanuka kondoo," alisema mama. "Kama la baba yako mdogo siku ile waliyokupimia. Lilinuka hivi hivi, jiko langu zima la zamani."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini.

"Lililoa na nini?"

"Na mvua. Ilinyesha tangu asubuhi. Unadhani kwa nini hawakupanda mikonge? Walipigilia kigingi wakakimbia. Baba yako alikuwa anakohoa lakini alikataa kuahirisha tena. Alisema wakiahirisha tena watasema desturi imekataa."

"Na kamba?"

"Kamba niliikamua kama nguo. Nikairudisha darini."

Kila mwanamke aliyewahi kuanika nguo kwenye kamba ya mkonge anajua alichokisema mama. Kamba ikiloa hukaza. Nyuzi zinavimba, zinajisokota, kamba inafupika hadi miti inavutwa. Jua likitoka inalegea na nguo zinagusa chini. Wanaume wa kwetu hawaaniki nguo. Baba mdogo alikuwa mkweli kabisa: kamba ilisema nne, nne, nne. Ila kwa kaka na mdogo wangu iliisema ikiwa kavu na ndefu, na kwangu iliisema imeloa na imefupika.

Hasira iliyonipata sijui niiweke wapi. Hakuna aliyeniibia kwa makusudi. Ningefurahi kama angekuwepo, ningejua pa kuielekeza. Lakini kwa nini nilipimiwa mvuani? Kwa sababu kiangazi kizima, ardhi ilipokuwa kavu, walikuwa wamekaa wakibishana kama mimi ni mtoto. Wangenikubali bila ubishi ningepata kipande kizima. Niligonga meza hadi vikombe vikaruka, na mama hakunikataza.

Safari hii sikusubiri kuitwa. Niliwaita mimi, siku ya jua la kati ya mvua na mvua, na niliwaita jikoni. Baba mdogo alisita mlangoni, kwa maana kuingia kunywa chai kwenye jiko unalotaka kulibomoa si jambo jepesi. Mama alimvutia kigoda.

"Shikamooni," nikawaamkia wote, nikashika kazi.

Nilikuwa nimefunga waya wa seng'enge uliokatwa miiba, kutoka nguzo moja ya jiko hadi nyingine, umevutwa kwelikweli, na katikati yake nimening'iniza jiwe. Chini ya jiwe niliweka vitabu vya zamani vya shule, mpaka nafasi iliyobaki ikawa ya kidole tu. Nikamwambia baba mdogo atazame jiwe. Mama akashika birika la maji yanayochemka akayamwaga kwenye waya, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Jiwe likashuka. Likagusa kitabu.

"Nilisema," alisema baba mdogo. "Chuma hutanuka."

"Ulisema kweli."

Nikaufungua waya, nikafunga kile kipande cha inva alichonipa mkuu wangu, jiwe lile lile, vitabu vile vile, nafasi ya kidole. Mama akajaza birika upya, akasubiri lichemke, akamwaga. Baba mdogo aliinama hadi pua ikakaribia jiwe. Maji yalidondoka sakafuni, mvuke ukapanda, jiwe likakaa pale lilipokuwa. Akamwambia mama amwage tena. Mama akamwaga lote.

"Kimekataa," alisema mmoja wa wazee.

Baba mdogo alinyoosha kidole akakipitisha chini ya jiwe, kikapita. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutwa uani kwake na mgeni asiyemtarajia, kwamba hajawahi kukiona chuma cha namna hiyo.

Hapo nikaomba kamba ya baba. Kaka mkubwa ndiye anayeitunza. Aliileta ikiwa kavu, nyeusi kwa moshi. Tulitoka uani. Kaka na mdogo wangu wakaivuta, nami nikautandaza utepe wa inva kando yake. Baba mdogo alitaka alama ambayo haihitaji kusoma namba, kwa hiyo mama alichomoa uzi mwekundu kwenye shuka lake, tukaufunga kwenye utepe pale hasa kamba ilipoishia.

"Hii ndiyo kamba iliyowapimia hawa wawili kiangazi," nilisema. "Imekubaliwa?"

Ikakubaliwa. Nikaichukua nikaizamisha kwenye beseni la maji.

Mdogo wangu alipiga hatua mbele, kama mtu anayeona mzee akitukanwa. Baba mdogo alimzuia kwa mkono. Nadhani alikuwa ameanza kukumbuka. Tulikaa, tukanywa chai, na hakuna aliyezungumza jambo la maana. Nilipoitoa kamba ilikuwa nene na imekakamaa. Wakaivuta watu wale wale, kwa nguvu zile zile, kando ya utepe ule ule. Kaka alisimama miguu imetanuliwa akivuta hadi shingo ikatoka mishipa. Kamba ilikomea mbali na uzi mwekundu kwa urefu wa mkono wa mtu.

"Vuta," alisema baba mdogo.

"Ndiyo nimevuta, baba mdogo."

Mkono mmoja kwa kamba moja. Kamba ni nne. Wote waligeuka kulitazama jiko langu, upana wake, na sikuhitaji kuwafundisha hesabu.

Baba mdogo alivua kofia. "Siku ile ilinyesha," alisema. "Mimi ndiye niliyeshika mwisho wa kamba. Mikono ilikufa ganzi." Akakohoa, na watu wakaweka vikombe chini. "Mwanangu, tusisumbuane. Wewe ni mwanamke, una mama yako hapa. Tunakuachia jiko. Iwe zawadi ya ukoo kwako."

Wazee waliguna kukubali. Mdogo wangu alishusha pumzi. Angepoteza kipande kidogo tu cha mabaki yake na mahema mengine yangekaa. Mama alinitazama. Nakiri nilichoka sana wakati ule, na neno asante lilikuwa karibu na ulimi.

"Sitaki zawadi," nilisema. "Zawadi hukumbushwa kila harusi. Mnipimie kamba nne kama za hawa, na jiko likibaki nje nitalibomoa mwenyewe kwa mikono yangu, leo."

"Jiko liko salama, dada, wacha," alisema mdogo wangu.

"Halijapimwa."

Sikujua jiko litaangukia upande gani. Mkono wa mtu si kipimo, na upana wa jiko nilikuwa naujua vizuri kuliko wote; ilikuwa padogo mno kati ya ndani na nje. Lakini heri jiko livunjwe kwa haki kuliko lisimame kwa huruma. Hilo nalisema hadi leo, na mama hadi leo anasema nilikuwa na kichaa.

Shida ikawa kamba. Ilikuwa imeloa, na mbingu upande wa msitu zilianza kuwa nyeusi. Mdogo wangu akasema tusubiri ikauke. Mzee mmoja akasema ikikauka nani ajuaye kama itarudi urefu wake. Wakaanza kujadili kamba ya mzee, ile isiyojadiliwa, na wangejadili hadi mvua itushukie. Ndipo kaka mkubwa, ambaye hakuwa amesema neno lake mwenyewe tangu asubuhi, alipoelekeza kidevu kwenye utepe.

"Uzi uko pale pale," alisema.

Ulikuwa pale pale. Kamba yenyewe ilikuwa imesahau urefu wake. Kitu pekee uani kilichoukumbuka kilikuwa kile chuma. Baba mdogo aliutazama uzi mwekundu kwa muda. Kisha akainama, akashika ncha ya utepe mwenyewe, kwa vidole viwili, kama nilivyowaonya wote.

"Tupime kwa hiki," alisema.

Tulianzia kwenye mikonge ya mdogo wangu. Mara ya kwanza tukapita bustani ya mama. Mara ya pili tukapita migomba. Mara ya tatu ilitufikisha karibu na ukuta wa nyumba. Ya nne tuliivuta ubavuni mwa nyumba, tukapita kigingi cha loliondo, tukapita mlango wa jiko, na kuanzia hapo sikutazama mbele. Nilitazama mikono yangu, nikihakikisha utepe haukunjiki. Nilisikia baba mdogo akikanyaga kitu cha majimaji.

Uzi uliishia nyuma ya jiko, pale ninapomwaga maji ya vyombo, penye maboga yaliyojiotea. Kati yake na ukuta palitosha mtu kupita na ndoo. Baba mdogo alikuwa amesimama tope limefika kwenye fundo la mguu, ameshika uzi mwekundu.

"Kamba nne," alisema kwa sauti, ili wazee wote wasikie. Kisha akalisema tena kwa Kiiraqw, lugha yetu, taratibu, kama linavyosemwa mbele ya ukoo. "Sawa na wao."

Nililia, bila shaka. Nimeshasema nalia upesi. Kaka alikwenda kung'oa mche wa mkonge kwenye mpaka wake, akaupanda pale pale kwenye tope, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kupiga bati. Mdogo wangu alibaki ukingoni akipima kwa hatua kile kilichosalia. Mbuzi wangeweza kupita kwa mstari, hema lisingekaa. Alirudi, akasimama mbele yangu huku mvua ikimlowesha, akatabasamu lile tabasamu linalomfanya apendwe na kila mtu.

"Dada, si nipe hata chai," alisema, na tayari alikuwa ameweka mguu mmoja ndani ya mlango wa jiko.

Nilimwambia arudi nyuma apige hodi. Alidhani natania. Alipoona sicheki, alirudi, akasimama nje mvuani, akasema hodi. Nilimimina chai kwanza, nikaweka sukari, nikakoroga, ndipo nikaitika karibu.